Mti Ni Wetu, Msumeno Ni wa Nani?

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Mwaka 2021, mvua ilipokataa tena, mimi ndiye niliyemshawishi susu auze mikau sita. Upande wa baba sisi ni watu wa Kibwezi, Makueni. Upande wa mama ni Mutomo, ng'ambo ya mto Athi, Kitui. Miti ilikuwa ya huko Mutomo. Babu aliipanda kabla hajafariki, na susu alikuwa akiiangalia kama watu wengine wanavyoangalia kitabu cha benki. Broka akaja, akaizunguka, akaigonga kwa kisu, akataja bei. Mimi, mtoto wa mjini ninayejua kupiga picha na kuweka maneno mtandaoni, nikamwambia susu, "Chukua, hiyo ni pesa nzuri."

Ilipofika jioni, vijana wawili na pawasoo moja walikuwa wamemaliza. Mbao zilipanda lori. Sisi tukabaki na maganda, matawi ya kuni, na unga wa mbao uliofika karibu magotini. Miezi michache baadaye nikaingia duka la fanicha Emali na kuuliza bei ya mlango wa mukau. Bana, mlango mmoja ulikuwa na bei kubwa kuliko miti miwili ya babu.

Sikumlaumu broka. Alikuja na msumeno, sisi hatukuwa nao. Lakini swali likanikaa kichwani: kwa nini Ukambani tumekuwa na mti miaka yote hii, na msumeno kila mara ni wa mtu mwingine? Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Hii ndiyo stori niliyoipata.

Mti wenyewe kwanza

Kama hujui mukau, ni mti wa nchi kavu ya Afrika Mashariki. Unapenda mahali penye mvua kidogo, pale ambapo mahindi yanakata tamaa. Kwa Kilatini unaitwa Melia volkensii, na hilo jina la pili linatokana na Georg Volkens, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1890. Ni wa ukoo mmoja na mahogani, na ukiona mbao yake imepigwa randa utakubali: rangi ya kahawia yenye wekundu, na mchwa hawaishambulii ovyo. Mtu wa Ukambani akisema mchwa hawali kitu, hiyo si sifa ndogo. Huku mchwa wanakula hadi viatu.

Wazee wetu waliujua vizuri. Mizinga ya nyuki ilichongwa kutoka kwa magogo yake. Majani yake yalikatiwa mbuzi wakati wa kiangazi, kwa sababu mukau huchipua majani kabla ya mvua kufika. Milango na viti vilitoka hapo pia.

Lakini tujiulize, mbao zilitokaje? Kwa shoka na tezo. Unapasua gogo, halafu unachonga pande zote mbili hadi ubaki na ubao mmoja. Gogo zima, ubao mmoja au miwili. Mengine yote ni vipande vya kuwashia moto. Miti ilikuwa mingi na watu wachache, kwa hiyo hakuna aliyehesabu hasara.

Msumeno unaingia

Mwaka 1891 Waskoti walianzisha misheni pale Kibwezi, na jina lake lenyewe lilisema ni misheni ya kazi za mikono. Haikudumu, kwani 1898 ilihamia Kikuyu. Mwisho wa 1895 misheni ya Afrika Inland nayo ikafungua kituo chake cha kwanza Nzaui, hukohuko Makueni ya leo. Halafu ikaja reli. Kazi ilianza Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901, na ilipita katikati ya ardhi yetu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na kati yao walikuwemo mafundi seremala.

Reli ilikuja na njaa yake. Injini za mwanzo zilichoma kuni, na kuni hizo zilikatwa kando ya njia. Kwa hiyo moja ya biashara kubwa za kwanza za miti huku kwetu ilikuwa ya kulisha injini. Hakuna aliyepasua mbao za nyumba yake hapo. Mti ulikatwa, ukachomwa, gari moshi likapita.

Pamoja na mafundi ukaja msumeno wa watu wawili, ule wa shimo. Vijana wengi hawajauona, kwa hiyo wacha nieleze. Mnachimba shimo refu kuliko mtu. Gogo linalazwa juu yake kwa vigingi. Mistari inapigwa kwa uzi uliochovywa rangi au oili chafu. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Wa juu anafuata mstari na kuuinua msumeno, wa chini anauvuta, na unga wote unamwangukia machoni. Mzee mmoja wa Mutomo aliniambia kwamba kule shimoni ndiko ulikojua rafiki yako ni nani, kwa sababu wa juu akichoka na kulalia msumeno, wewe wa chini ndiye unayeumia.

Ni kazi ya mateso, lakini angalia kitu kimoja: msumeno ule ulibebwa begani. Uliufuata mti hadi ulipoanguka. Watu wawili maskini wangeweza kuumiliki, na gogo lilitoa mbao nyingi zilizonyooka. Kwa maana hiyo, kiwanda cha kwanza cha mbao kinachohama Ukambani kilikuwa na miguu minne na jasho jingi.

Ng'ombe wa 1938

Sasa nitatoka kwenye mbao kidogo. Nivumilie, kwa sababu hapa ndipo niliona stori ya babu inafanana na kitu cha zamani zaidi.

Miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno na ndio wanaoharibu udongo. Mwaka 1938 wakaanza kuwachukua kwa nguvu wilayani Machakos, ambayo wakati huo ilibeba pia Makueni ya leo. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wa bei ya chini. Unaona mpango ulivyokaa? Mfugaji anaambiwa mali yake ni tatizo, kisha inauzwa kwa bei ambayo si yeye aliyeipanga, kwa mwenye mashine.

Watu wakakataa. Muindi Mbingu akaongoza umati kutembea hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake na watoto, wakakaa huko wiki kadhaa wakimtaka gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mwaka haukuisha kabla ya serikali kuacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Mimi sisemi broka wa mbao ni mkoloni. Broka ni kijana kama mimi anayetafuta riziki. Ninachosema ni kwamba somo la 1938 halikuwa la ng'ombe peke yake. Ukiwa na mali ghafi tu, na mwenye mashine ni mmoja, yeye ndiye anayepanga bei, hata bila kukuwekea bunduki. Kiangazi na karo ya shule vinatosha kukusukuma.

Kutoka kichaka kuwa adui hadi mti kuwa mali

Baada ya hapo historia ya miti kwetu ilienda vibaya kabla haijaenda vizuri. Makueni ilipofunguliwa kuwa makazi ya watu waliobanana kwenye vilima vya Machakos, kichaka kilionekana adui, kwa sababu kilificha mbung'o na faru. Mwindaji J. A. Hunter alilipwa na serikali kuua faru karibu 1,000 huko kati ya 1944 na 1946. Karibu 1,000! Kichaka kikafyekwa. Miti mizuri iliyokuwa ndani yake, iliyochukua miaka mingi kukua, ikaenda na moto.

Kisha ukaja mkaa. Sitasimulia sana, kila mtu aliyepita barabara ya Kitui au ya Mombasa ameona magunia. Mti wa miaka 30 unageuzwa magunia machache ya mkaa. Ni kama reli ya 1901, ila sasa injini ni jiko la Nairobi.

Upande mzuri ulianza miaka ya 1980. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ilianzishwa 1986, na Wajapani kupitia JICA wakaanza kufanya kazi nayo Kitui. Kazi ngumu zaidi ilikuwa mbegu ya mukau. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe, na ndani ya kokwa ina ganda lingine. Wazee walijua njia zao: kokwa zilizopita kwa mbuzi na kubaki zizini ziliota vizuri kuliko zile ulizopanda kwa mkono. Watafiti wakatengeneza utaratibu ambao mkulima anaweza kuufuata. Unavunja kokwa kwa uangalifu, unachana ganda la mbegu kidogo kwa wembe, unaloweka, kisha unaatika kwenye mchanga. Ukikosea nguvu kidogo, umeua mbegu.

Kuanzia 2012 wakaenda mbali zaidi. Walichagua mikau iliyonyooka na kukua haraka kutoka sehemu mbalimbali za nchi kavu, wakaiunganisha kwa kupandikiza, na kuanzisha mashamba ya mbegu bora Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Kwa hiyo leo mkulima wa kawaida anaweza kupata mche unaojulikana ulikotoka, na mti unaoweza kuvunwa ndani ya miaka 10 hadi 15. Hii ni kazi kubwa na hatuisifu vya kutosha.

Lakini ona pengo lilivyo. Karibu miaka 40 tumefundishwa kuatika, kupanda, kupogoa na kungoja. Siku ya kuvuna tunaachwa na nambari ya simu ya broka.

Pawasoo na hesabu ya unga

Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake, na kampuni chache kubwa tu ndizo zilizoruhusiwa kuendelea. Mbao zikapungua, na macho yakageukia miti ya mashambani. Hapo ndipo pawasoo iliposhika. Ilikuwa nyepesi, iliingia kwenye buti la gari, na fundi mmoja na msaidizi walifanya kwa siku kile ambacho watu wa shimo walifanya kwa wiki. Marufuku nyingine ikaja Februari 2018. Kwa maandishi ilihusu misitu ya umma na ya jamii, lakini aliyekuwa na lori la mbao barabarani anajua maswali yalivyoongezeka.

Shida ya pawasoo ni kwamba ilitengenezwa kuangusha mti na kukata vipande, si kupasua mbao. Mnyororo wake ni mnene. Kila mkato unakula karibu milimita 9 za mti. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Mikato 10 ya pawasoo inakula sentimita 9. Hizo ni mbao tatu za inchi moja zilizogeuka unga. Msumeno wa bendi, ule utepe mwembamba wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, unakula milimita 2 au 3. Mikato 10 ni sentimita mbili na nusu hivi, yaani ubao mmoja.

Na hapo tumedhania fundi wa pawasoo amenyoosha mkono. Akipasua bila fremu, ubao unaanza na inchi moja upande huu na kumalizika na inchi moja na nusu upande ule. Seremala anapoupiga randa ili unyooke, mnapoteza tena. Ule unga uliofika magotini kwa susu haukuwa uchafu. Ulikuwa sehemu ya milango.

Mashine ya bendi inayohama si ndoto ya mbali. Wood-Mizer, kampuni ya Marekani iliyoanza 1982, ilijulikana kwa hilo: gogo linalazwa kwenye reli fupi na kufungwa lisicheze, halafu kichwa chenye injini na msumeno ndicho kinachotembea. Unaifunga nyuma ya gari na kuipeleka shambani. Aina zake zimo Kenya tayari, za kampuni mbalimbali. Ni lile wazo la zamani la watu wa shimo, msumeno uufuate mti, bila mtu kulia unga machoni.

Bei yake ndiyo inatisha, ni kama kununua gari. Ndiyo maana sisemi kila mkulima anunue. Hata kwa mwenye pesa, miti 20 haiwezi kuilipia mashine ya aina hiyo.

Posho mill ya mbao

Sikiliza ninavyofikiria. Hakuna anayemuuza mahindi yake yote kwa sababu hana kinu nyumbani. Tunabeba gorogoro zetu hadi posho mill, tunalipa kusagiwa, tunarudi na unga wetu. Mwenye mashine anapata yake, na chakula kinabaki chako. Kwa nini mti usiwe hivyo? Mwenye mashine aje, apasue, alipwe kwa futi, aende. Mbao zibaki kwako. Uuze ukitaka, leo au baada ya miezi sita.

Miezi sita ina maana yake. Mbao mbichi ni nzito na hujipinda, na mnunuzi anajua hivyo, kwa hiyo anakukata bei. Ukizipanga kivulini, juu ya ardhi, na vijiti vya unene mmoja kati ya kila safu ili upepo upite, unauza mbao kavu. Kivuli tunacho. Upepo mkavu, jamani, si ndio tulipewa Ukambani?

Mfano uko karibu. Makueni ilipochoka kuona maembe yakiuzwa kwa bei ya kutupa, kaunti chini ya Kivutha Kibwana ilijenga kiwanda cha maembe Kalamba. Unaweza kubishana kama kinafanya kazi vizuri au la, lakini wazo lilikuwa sahihi: mashine ikae karibu na shamba. Embe limefikiriwa. Mukau bado.

Najua pingamizi. La kwanza, ukileta misumeno rahisi miti itaisha. Hofu hiyo ninaiheshimu, nimeona mkaa ulivyofanya. Lakini mkaa unakula msitu kwa sababu mti ukiwa mkaa hauna thamani kubwa, na mtu anakata popote bila kujali nani alipanda. Mti unaolipa kama mbao kwa aliyeupanda ndio unaopandwa tena. Vibali vya kusafirisha mbao vya KFS vibaki, mimi sipingi. Ila visiwe kitu ambacho broka peke yake anajua kukipata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vitu vya kikundi hufa. Pampu ya kisima cha kikundi, trekta la kikundi, mwisho wake tunaujua. Mafuta ni ya nani, utepe ukikatika nani ananoa? Kwa hilo sina jibu tamu. Labda ndiyo sababu posho mill nyingi zinazodumu ni za mtu binafsi anayetoza ada, na kikundi kazi yake ni kukusanya magogo ya siku moja ili mashine isisafiri kwa mti mmoja. Mtu mmoja anamiliki chuma, wengi wanamiliki mbao. Mimi ningeanzia hapo.

Jumamosi hii

Susu bado ana mikau tisa. Broka yuleyule amepiga simu, anataka kuja Jumamosi. Safari hii nimempata fundi mwenye mashine ya bendi ambaye yuko tayari kuvuka Athi, mradi tupate magogo ya kutosha kwa siku nzima. Kwa hiyo wiki hii nimekuwa nikizunguka kwa majirani wa Mutomo na kamba ya kupimia. Unazungusha kamba kwenye mti kifuani, unagawanya kwa 3.14, unapata upana. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una upana wa 30. Majirani wanne wamekubali. Mmoja amesema atangoja aone yetu kwanza, na simlaumu.

Nilipomweleza susu mpango huu nilidhani atauliza kuhusu pesa, au atanikumbusha ya 2021. Alinyamaza muda, akaangalia upande wa zizi.

"Na hizo mbao tutaziweka wapi zikauke?"

Jana tumewahamisha mbuzi. Paa la zizi ni zima, tumebakiza kukata vijiti. Kama na wewe una mukau nyumbani, ipime kabla hujapokea simu ya mtu, na mwulize jirani yako ana mingapi. Nikimaliza Jumamosi nitaandika ilivyokuwa, hata kama imetushinda.